Slaida ya leso isiyokwama: kidole, kipanya na simu iliyogeuzwa

Salaam aleikum ndugu zangu, karibuni. Leo twatengeneza slaida ya picha inayofuata kidole na isiyovurugika simu ikigeuzwa. Picha zangu ni za leso, yaani kanga, kwa sababu kazi yangu ni kuwatengenezea wenye maduka tovuti, na hapa Mombasa ukipita Biashara Street ni leso mwanzo mwisho. Mnunuzi wa leso hatazami rangi tu. Atazama pindo, atazama mji, ile sehemu ya kati, halafu asoma jina, yale maneno yaliyoandikwa. Jina likikatwa, leso hajaiona.

HTML mwaijua: fremu, ndani yake ukanda, ndani ya ukanda picha. Fremu ipe overflow: hidden, ukanda display: flex, kila picha flex: 0 0 100%. Tusonge.

Sasa hapa sogeeni. Kwenye fremu andika touch-action: pan-y. Mstari huu wakiambia kivinjari: kupanda na kushuka shughulika wewe, kushoto na kulia niachie mimi. Usipouandika, kidole kikisogea kidogo tu kivinjari chaunyakua mguso, chakutumia pointercancel, habari kwamba mguso umekatizwa, na ile pointerup unayoingojea, ya kidole kuinuka, haiji tena. Haiji kabisa! Slaida yangu ya kwanza niliikabidhi bila mstari huu. Mwenye duka akanipigia: picha imesimama katikati. Kushoto leso ya "Akiba haiozi" imebaki "haiozi", kulia yaanza "Mgeni njoo". Mteja asoma "haiozi mgeni njoo". Iliniuma, maana jina ndilo linalomfanya mama achague leso hii aache ile.

Twende JavaScript. Tumia pointerdown ya kubonyeza, pointermove ya kusogea na pointerup ya kuinuka. Zashika kidole, kipanya na kalamu kwa pamoja. Safari, kivinjari cha iPhone, yazikubali tangu iOS 13, mwaka 2019, kwa hivyo hakuna haja ya kuandika za kidole mbali na za kipanya mbali. Kwenye pointerdown hifadhi clientX, yaani mahali kidole kilipo kushoto-kulia, na uzime transition, ule mwendo wa kuteleza polepole. Kwenye pointermove toa clientX ya mwanzo kwenye ya sasa, upate tofauti, kisha sogeza ukanda: translateX(calc(-100% * namba + tofauti)), namba ikiwa ya picha inayoonekana, ukihesabu kuanzia 0, na tofauti ikiwa na px mwisho wake.

Tujaribu kwenye simu. Ngojeni, taa yapiga kwenye kioo... hapo mwaona. Navuta... mbona yakataa? Yasogea kidogo, yaganda. Na ukurasa nao haushuki. Subirini nirudi kwenye CSS. Naam, nimeandika pan-x. Ni pan-y, ndugu zangu, y! Herufi moja tu. Narekebisha, nafungua upya... yateleza kama samli.

Kidole kikiinuka: tofauti ikizidi sehemu moja ya tano ya upana wa fremu, badilisha namba, isipozidi, rudisha picha mahali pake. Mimi napenda moja ya tano; nusu yachosha kidole gumba cha mtu aliyeshika mfuko mkono wa pili. Rudisha transition, sekunde 0.3. Na pointercancel ipewe kazi ya kurudisha picha mahali pake. Nimeshasema na nasema tena: usiiache pointercancel bila kazi. Mtu akianza kushusha ukurasa juu ya picha, hiyo ndiyo itakayokuja, hata pan-y ikiwepo.

Kwenye kompyuta, kila picha iwekee draggable="false", la sivyo kivinjari chaibeba picha yenyewe, na pointercancel ni ile ile. Kisha setPointerCapture, ili kipanya kikitoka nje ya fremu slaida iendelee kukifuata. Iite baada ya kusogea pikseli kama 10, si mara tu kinapobonyezwa, usije ukaziua linki zilizo ndani ya slaida.

Sasa geuza simu. Wengi hupima upana mara moja ukurasa ukifunguka, wakahifadhi mathalani pikseli 360. Simu ikilazwa fremu yapanuka, hesabu yabaki ya zamani, na majina yakatika tena. Sisi tumetumia asilimia, na asilimia ya translateX hufuata upana wa ukanda wenyewe, kwa hivyo hakuna cha kupima upya. Kile kipimo cha moja ya tano tu ndicho chahitaji pikseli: soma clientWidth ya fremu, ndio upana wake, ndani ya pointerdown, kila mara.

Ongeza na vitufe viwili, nyuma na mbele. Si kila mkono waweza kuburuta, na mwongozo wa WCAG 2.2 wa mwaka 2023, wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu pia, wataka njia mbadala ya kuburuta.

Haya, naishika wima, navuta. "Akiba haiozi." Nailaza. "Akiba haiozi", jina zima, pindo kwa pindo. Navuta tena: "Mgeni njoo mwenyeji apone." Faili zote nimeziweka chini ya video.