Stelingi Anapokufa: Watazamaji na Filamu ya Get Carter

Mabibi na mabwana, karibuni tena ukumbini. Filamu tumekwisha kuitazama, kwa hiyo sitawahadithia upya. Nataka tuzungumzie ubishi wake, maana Get Carter haijaacha kubishaniwa tangu itoke mwaka 1971.

Wengi walioiona mwanzoni, wakiwamo wakosoaji wa magazeti, walilalamika kwamba haina utu. Jack Carter anatoka London kwa treni kwenda Newcastle kuchunguza kifo cha ndugu yake Frank, na kila anapopita anaacha maiti. Walikuwa wamezoea majambazi wa sinema za Uingereza wanaochekesha au wasio na akili. Michael Caine, aliyemwigiza Carter, amewahi kueleza kwamba alitaka kuvunja mazoea hayo, kwa sababu wahuni aliokua akiwaona kusini mwa London hawakuwa vichekesho hata kidogo.

Miaka ya 1990 upepo ukageuka. Vijana wa Uingereza wakamfanya Carter shujaa wao: suti, bunduki, majibu ya mkato yasiyo na hofu. Mwaka 1999 Taasisi ya Filamu ya Uingereza ikaipa nafasi ya 16 katika orodha yake ya filamu 100 bora za nchi hiyo, na mwaka 2004 jarida la Total Film likaiweka ya kwanza kabisa.

Naifurahia heshima hiyo. Ila ule ushabiki unanisumbua, na nitawaambia kwa nini.

Rudini kwenye chumba cha Glenda, mwanamke wa genge la Newcastle. Glenda yuko bafuni anaoga, Carter amejilaza kitandani, projekta inazunguka. Ni mkanda wa ngono wa siri, na ndani yake anamwona Doreen, binti wa Frank, msichana mdogo wa shule, ambaye filamu inadokeza kwamba huenda ni mtoto wa Carter mwenyewe. Machozi yanamtiririka. Ni mara pekee tunapomwona analia, na Caine hakunji hata uso. Machozi yanashuka tu. Mtazamaji yeyote hapo anamhurumia.

Halafu? Anamtoa Glenda majini kwa kipigo, anamfungia kwenye buti la gari. Baadaye, kwenye gati la mto, maadui zake wanalisukuma gari lile majini bila kujua kuna mtu ndani. Carter anajua. Anatazama linavyozama, uso mkavu. Mwanamke aliyetumiwa katika mkanda uleule uliomliza anakufa mbele ya macho yake, na chozi halitoki.

Mike Hodges, mwongozaji, aliziweka zile nyuso mbili karibu makusudi, naamini hivyo kwa dhati. Wa mwaka 1971 waliona uso wa pili wakadhani filamu yenyewe haina huruma. Mashabiki wa baadaye walibaki na suti, wakamsahau Glenda. Na Margaret pia, mpenzi wa Frank, ambaye Carter anamuua kwa sindano ya heroini ili tu awatege maadui zake. Mtu anayesema Carter alikuwa analipiza kisasi cha haki anieleze Margaret anaingia wapi.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajua sheria: stelingi hafi. Hapa anakufa, ufukweni, kwa risasi moja ya kichwa kutoka mbali, akiwa bado anacheka kwa ushindi. Na muuaji yule alikuwa naye treni moja tangu mwanzo! Ukiitazama mara ya pili, itafute pete kidoleni mwa abiria aliyekaa naye behewani. Kwa hiyo safari nzima ya kisasi ni ya mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Anayeona mwisho huo ni wa ghafla, aanze upya na treni.

Kuna watazamaji wengine nisiowaacha: wenyeji. Lile jengo la maegesho la Gateshead, mji ulio ng'ambo ya mto kutoka Newcastle, ambako mfanyabiashara Brumby anarushwa chini na Carter, lilifunguliwa mwaka 1967, na wakazi wengi waliliona ni zege baya. Lilipobomolewa mwaka 2010, halmashauri iliuza vipande vyake kwenye mikebe, pauni 5 mkebe mmoja, na watu wakanunua. Mimi ningenunua.

Kipaza sauti kipo pale mbele. Nawasikiliza kwanza mnaomtetea Carter.