Idara ya Kwanza kwa Kipimo Gani?

Mhadhara uliotolewa Moshi kwa wakuu wa idara, wahadhiri na wanafunzi wa uzamili

Mwenyekiti, wakuu wa idara mliotoka Arusha na hapa Moshi, wahadhiri wenzangu, wanafunzi: wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Kila mwaka orodha za kupanga vyuo na idara kwa ubora zikitoka, simu zinaanza kulia. Mkuu wa chuo anauliza mbona idara fulani haimo, mzazi anauliza idara ipi ni ya kwanza, na mkuu wa idara anatakiwa awe na jibu kabla ya kikao cha Seneti. Ninachotaka tukubaliane leo ni kwamba nafasi ya idara huamuliwa na mambo matatu hata kabla kazi yenyewe haijatazamwa: kimehesabiwa nini, kimeandikwa kwa jina la nani, na jumla imegawanywa kwa idadi gani. Anayeyajua hayo matatu anaweza kuifungua orodha yoyote na kuona ndani yake. Asiyeyajua hubaki kushangilia au kununa.

Tuanze na kinachohesabiwa. Njia kongwe kuliko zote ni kuuliza watu. Mwaka 1925 Raymond Hughes, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Miami kilichoko Ohio, Marekani, alitoa matokeo ya maoni ya maprofesa kuhusu idara bora za uzamili katika fani zao. Njia hiyo haijafa. U.S. News & World Report, chombo cha habari cha Marekani, hupanga idara za uzamivu za fani kama historia, uchumi na fizikia kwa hojaji peke yake: wakuu wa idara na waratibu wa masomo ya uzamili hupewa majina ya idara, nao huzipa alama 1 hadi 5. Hakuna makala inayohesabiwa, wala mwanafunzi anayeulizwa alimaliza lini. Orodha ya fani mbalimbali, iliyoanza 2011, ya QS (kampuni ya Uingereza inayopanga vyuo) nayo inategemea sana maoni. Mwanataaluma hutaja hadi vyuo 10 vya nchini mwake na 30 vya nje anavyoviona bora katika fani yake, na haruhusiwi kutaja cha kwake.

Maoni ya wataalamu si upuuzi. Mtu aliyesoma kazi za wenzake kwa miaka 20 anajua kitu ambacho hesabu haikijui. Shida ni kwamba mtu hutaja anachokifahamu. Sifa husafiri polepole: idara iliyopoteza maprofesa wake watano bado hupewa alama za zamani, na iliyoajiri vizuri jana haijasikika. Tena jina la chuo huifunika idara, hivyo idara dhaifu ndani ya chuo chenye jina hubebwa. Chini ya orodha mambo ni magumu zaidi, kwa sababu huko idara imetajwa na watu wachache, na majina machache yakiongezeka inaruka hatua nyingi. Ndiyo maana QS wenyewe, wakishuka chini, huacha kutoa namba moja moja na kutoa makundi kama 101–150. Mkiona idara imetoka kundi la 151–200 ikaingia 101–150, msikimbilie kuandaa sherehe wala hotuba. Huenda hakuna kilichobadilika ndani ya idara.

Njia ya pili ni kuhesabu makala na mara ambazo zimenukuliwa na watafiti wengine. Hapa ndipo hesabu inapodanganya wengi, kwa hiyo tuchukue mfano wa kubuni na tuukokotoe pamoja. Idara A ina walimu 40, makala 200 kwa miaka mitano, na manukuu 2,400. Idara B ina walimu 12, makala 90, na manukuu 1,350. Kwa jumla, A inaongoza. Kwa wastani wa manukuu kwa makala, A ina 12 na B ina 15, basi B inaongoza. Kwa kila mwalimu, A ina manukuu 60 na B ina 112.5, na hapo B inaongoza kwa mbali. Sasa chungulieni ndani ya B: makala moja, yenye waandishi mia mbili kutoka nchi nyingi, ina manukuu 700 peke yake. Iondoeni. Zinabaki makala 89 na manukuu 650, wastani 7.3, na A imerudi mbele. Idara ni zilezile, kazi ni ileile, mshindi amebadilika mara mbili.

Makala za namna hiyo zipo kweli, hasa katika tiba na fizikia. Zilisumbua orodha ya vyuo ya jarida la Uingereza la Times Higher Education kiasi kwamba mwaka 2015 waliamua kuziondoa zenye waandishi zaidi ya 1,000, kisha baadaye wakaanza kugawa sifa kwa sehemu kati ya vyuo vya waandishi. Kinga nyepesi kwa idara ndogo ni kutoegemea wastani. Ulizeni badala yake: ni asilimia ngapi ya makala zetu imo kwenye asilimia 10 ya makala zinazonukuliwa zaidi duniani katika fani hiyo na mwaka huo? Makala moja kubwa hapo huhesabiwa moja tu.

Neno fani hapo ni la lazima. Mtafiti wa tiba hunukuliwa haraka na kwa wingi, wa hisabati polepole na kwa uchache. Kwa hiyo manukuu ya kila makala yanapaswa kugawanywa kwa wastani wa dunia wa fani hiyo, mwaka huo, na aina hiyo ya andiko. Tuseme makala ya hisabati ina manukuu 6 na wastani wa fani yake ni 4: inapata 1.5. Makala ya tiba ina 20, na wastani wake ni 25: inapata 0.8. Anayezilinganisha 6 na 20 moja kwa moja amewaonea watu wa hisabati. Kipimo cha h, alichokipendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005, hakina marekebisho hayo. Idara yenye h ya 30 ina makala 30 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 30. Namba hiyo haishuki kamwe, na hupanda kwa ukubwa na umri wa idara. Kwa kulinganisha idara changa na kongwe haifai, na ningeomba isitumike kabisa katika ripoti zetu za ndani.

Sasa jambo la pili: kimeandikwa kwa jina la nani. Orodha nyingi za fani haziijui idara yenu kama mnavyoijua nyinyi. Hazina orodha ya walimu wenu. Zinachukua makala zenye jina la chuo, kisha zinazigawa kwa fani ya jarida. Mtu wa hisabati pale Tengeru, Arusha, akiandika kuhusu kuenea kwa ugonjwa wa mifugo na makala ikatoka kwenye jarida la mifugo, sifa inakwenda kwa mifugo. Idara ya hisabati inaonekana imelala.

Na jina la chuo lenyewe je? Hapa Moshi, mtafiti mmoja anaweza kujitambulisha kwa jina la hospitali ya KCMC, kwa jina la chuo cha tiba, au kwa jina la taasisi ya utafiti wa kitabibu iliyo hapohapo. Chuo hicho cha tiba zamani kiliitwa KCMUCo, sasa ni KCMC University. Kanzidata ya makala inaweza kuyaona hayo kuwa ni mahali patatu au panne tofauti. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha nayo ina jirani wa jina Afrika Kusini, ambako chuo kikuu cha mji wa Gqeberha, zamani Port Elizabeth, kimeitwa Nelson Mandela University tangu 2017. Mwandishi akifupisha jina, kazi inaweza kuhesabiwa Afrika Kusini. Dawa yake haina gharama: kila idara iwe na mstari mmoja wa utambulisho ulioandikwa kikamilifu, jina la chuo, mji na nchi, unaotumiwa na kila mwalimu na kila mwanafunzi wa uzamivu, na kila mmoja awe na namba yake ya ORCID, namba ya kimataifa ya kumtambulisha mtafiti. Kisha mtu wa maktaba apitie kanzidata za makala za Scopus na Web of Science mara moja kwa mwaka, akusanye majina yote yaliyotawanyika na kuomba yaunganishwe.

Lipo ambalo dawa hiyo haitibu, nalo linaniuma. Idara ya Kiswahili inayotoa vitabu, kamusi na makala katika majarida ya Kiswahili haionekani vizuri katika kanzidata hizo. Vitabu vimo kwa uchache, na majarida mengi ya Kiswahili hayamo. Idara ya ushirika inayoandika mwongozo unaotumiwa na vyama vya msingi vya kahawa haionekani pia. Kukosekana huko kusisomwe kama sifuri ya kazi. Ni sifuri ya kipimo, na mkuu wa chuo anayezibana idara hizi kwa idadi ya makala za Scopus anaziua zile zinazowahudumia wananchi waliozilipia.

Waingereza wamejaribu njia nyingine: kusoma kazi zenyewe. Tathmini yao ya mwaka 2021 iligawa fani katika vitengo 34, na majopo ya wataalamu yakasoma maandiko. Machapisho yalipewa uzito wa asilimia 60, athari kwa jamii 25, mazingira ya utafiti 15. Idara ilitakiwa kuwasilisha wastani wa maandiko 2.5 kwa kila mtafiti. Matokeo hutolewa kama mgawanyo: asilimia kadhaa ya kazi hupata nyota nne, kadhaa tatu, na kuendelea. Ni magazeti ndiyo huyageuza kuwa wastani mmoja na kupanga nafasi. Ni kazi ghali, lakini mchango kwa jamii unahesabiwa, nao ndio ambao sisi tungekuwa na mengi ya kuonyesha.

Jaribio lililokuwa la kweli zaidi kuhusu mashaka ya hesabu lilitoka Marekani mwaka 2010. Baraza la Taifa la Utafiti lilitathmini programu za uzamivu zaidi ya 5,000 katika vyuo 212, kwa viashiria 20, na likakataa kutoa namba moja. Walirudia hesabu mara 500 wakibadilisha sampuli ya watoa maoni, wakaondoa asilimia 5 za juu na 5 za chini, wakatoa masafa: programu hii iko mahali fulani kati ya nafasi hii na ile. Tena walitoa masafa mawili, moja kwa uzito ambao walimu walisema viashiria vinastahili, jingine kwa uzito uliotokana na jinsi walimu walivyozipa alama programu halisi. Watu walilalamika kwamba masafa ni mapana mno. Kwangu huo ndio uungwana wa mtu wa takwimu. Kosa lao lilikuwa kwingine: data za 2005 na 2006 zilitoka 2010 zikiwa zimechakaa, na idara za sayansi ya kompyuta zilinung'unika kwa haki, kwa kuwa fani yao huchapisha sana kwenye makongamano na kipimo hakikuyahesabu ipasavyo.

Jambo la tatu ni asili, ile namba ya chini ya sehemu. Hapa ndipo udanganyifu hujificha, wa kukusudia na usiokusudiwa. Chukueni uwiano wa wanafunzi kwa mwalimu. Idara ina wanafunzi 630, walimu wa kudumu 18, na wahadhiri wa muda 12 wanaofundisha robo ya mzigo. Ukihesabu vichwa, 630 kwa 30 ni 21. Ukihesabu mzigo, 18 na 3 ni 21, na 630 kwa 21 ni 30. Bado hujawatoa walimu walio masomoni, wala mwalimu aliyehesabiwa na idara mbili. Chuo Kikuu cha Columbia kiliteleza kutoka nafasi ya 2 hadi ya 18 katika orodha ya U.S. News mwaka 2022, baada ya mwalimu wake wa hisabati, Michael Thaddeus, kuzikagua takwimu ambazo chuo kilijaza chenyewe. Kilikuwa kimedai asilimia 82.5 ya madarasa yana wanafunzi chini ya 20. Kilipohesabu upya kikakiri ni kama 57.

Kahawa ya hapa inatufundisha kitu. Daraja la AA hupatikana kwa chekeche, linasema ukubwa wa punje. Ladha huonjwa kando na kupewa hukumu yake. Hakuna mnunuzi wa maana anayejumlisha viwili hivyo kuwa namba moja.

Kwa idara zetu, basi, ningeanza na swali moja lililoandikwa, mathalani: kwa nini wanafunzi wetu wa uzamili wanachelewa? Kisha chagueni idara 6 hadi 10 za kujilinganisha nazo, za fani ileile, ukubwa unaokaribiana na ngazi ileile ya masomo. Idara ya uhasibu ya Arusha haina sababu ya kujipima na Harvard, ina sababu ya kujipima na ya Mzumbe. Wekeni tarehe moja ya kuhesabu walimu. Kwa wanafunzi fuateni kundi: walioandikishwa 2019/20 walikuwa wangapi, na wangapi kati yao walimaliza kwa muda. Walioacha masomo wabaki kwenye asili. Wakiondolewa, kila idara inafaulu. Utafiti wa kuwafuatilia wahitimu ukijibiwa na asilimia 20 tu, andikeni asilimia hiyo juu ya jedwali, maana wenye ajira hujibu kwa furaha kuliko wasio nayo. Kila kiashiria kiwe na safu yake, kwa makundi matatu: juu, kati, chini. CHE, kituo cha Ujerumani kinacholinganisha vyuo, kimefanya hivyo kwa miaka mingi, fani kwa fani, bila kutangaza mshindi wa jumla. Na msichanganye zoezi hili na ithibati. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inauliza kama mmefikia kiwango cha chini kinachotakiwa. Mwongozo wa Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki unataka programu ijipe alama 1 hadi 7 kwa ushahidi. Hakuna kati yao anayeuliza nani wa kwanza.

Wanafunzi mnaotafuta mahali pa uzamivu, orodha za dunia zitawasaidia kidogo sana. Iandikieni idara barua pepe yenye maswali manne: wasimamizi wangapi wa mada yangu wapo kazini sasa, kila mmoja ana wanafunzi wangapi, kati ya walioanza miaka sita iliyopita wangapi wamehitimu, na maabara au data ninayoihitaji ipo au inasubiri ufadhili. Idara inayojua kazi yake inayo majibu hayo kwenye faili, na haitachukua wiki mbili kuwajibu.