Kitabu Kimoja, Rafu Tatu

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Na nyinyi wengine mliovumilia foleni ya Ubungo hadi mkafika, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie vitabu vya kitaaluma vinavyounganisha sanaa, siasa na sayansi za mazingira. Mimi ni mkutubi. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukipa kila kitabu namba yake na kukipeleka kwenye rafu inayokistahili, kwa hiyo naomba nianze na namba.

Mfumo wa Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1876, unaigawa elimu yote katika mafungu kumi. Humo siasa hukaa kwenye 320, ikolojia kwenye 577, fasihi ya Kiswahili kwenye 896.392, na historia ya Tanzania kwenye 967.8. Siulaumu mfumo huo, kwa kuwa bila huo maktaba ingekuwa ghala tu. Lakini kitabu kina mwili mmoja na hakiwezi kukaa mahali pawili, na mkutubi anapoamua kikae wapi, huwa amekwisha kuwaamulia wasomaji ni nani atakayekutana nacho na ni nani atakayepita bila kukiona.

Chukueni mfano wa Vita vya Maji Maji. Mwezi Julai 1905, kule Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba kwenye shamba walilolazimishwa kulilima, na hiyo ndiyo iliyokuwa ishara ya kuanza vita. Je, hili ni jambo la siasa? Bila shaka, maana tangu mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilikuwa ikivilazimisha vijiji kulima pamba. Je, ni jambo la mazingira? Nalo pia, kwa sababu siku alizozitumia mtu kwenye pamba ya serikali zilikuwa siku za kupalilia na kuamia mazao yake mwenyewe. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, aliyeichunguza Uzaramo, yaani hapa hapa mlangoni petu, ameonyesha jinsi wanaume walivyoondolewa vijijini kwa ajili ya kazi, na jinsi amri za uwindaji zilivyowanyima watu njia ya kuyalinda mashamba, hata nguruwe mwitu wakayamaliza na njaa ikaingia. Sijui ni wangapi kati yetu tuliosoma shuleni kwamba nguruwe wamo katika historia ya vita ile. Mimi sikusoma.

Na je, ni jambo la sanaa? Hapa ndipo rafu zinapotudanganya zaidi. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Mlimani walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya wazee waliokuwa wangali wakiikumbuka vita hiyo, na Gilbert Gwassa akaifanya kazi hiyo kuwa utafiti wa maisha yake. Mwaka uliofuata, 1969, ikatoka tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile. Wengi tumeisoma kama kitabu cha mtihani, tukaulizwa dhamira na wahusika, tukajibu, tukasahau. Lakini swali linaloulizwa na tamthilia hiyo, yaani ni kwa namna gani neno alilolitamka mtu mmoja wa Ngarambe, yaani Kinjeketile aliyeahidi maji ya kuwakinga watu na risasi, linaweza kumpita yeye mwenyewe, likawaunganisha watu wa makabila mbalimbali na kubaki hai hata baada ya kunyongwa kwake, ni swali la nadharia ya siasa, na sijaona kitabu cha rafu ya 320 kinacholiuliza vizuri zaidi. Kabla yake ulikuwapo utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya vita hiyo, uliochapishwa mwaka 1957. Mshairi wa utenzi hakuambiwa na mtu kwamba vita ni vya rafu hii na njaa ni ya rafu ile.

Sasa nije kwenye kitabu ambacho kwangu ndicho kipimo. Helge Kjekshus, Mnorwe aliyefundisha sayansi ya siasa hapa Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1977 utafiti juu ya ikolojia na maendeleo ya uchumi katika historia ya Afrika Mashariki, akijikita Tanganyika. Hoja yake ni kwamba watu wa bara, kwa kulima, kuchoma nyika na kufuga, walikuwa wameyatawala mazingira yao kiasi cha kumweka mbali mbung'o, yule nzi anayeeneza malale kwa watu na mifugo. Kisha katika miaka ya 1890 ikaja sotoka iliyoua ng'ombe, yakaja maradhi ya watu, funza wakaingia miguuni, na vita vya ukoloni vikamalizia. Pori likarudi. Nyikani kulikoachwa na watu wakaingia wanyama, na pamoja nao mbung'o. Baada ya Maji Maji, ambayo makadirio ya Wajerumani yalihesabu vifo 75,000 huku Gwassa akihesabu kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa iliyosababishwa na kuchomwa kwa vyakula, sehemu kubwa ya kusini ilibaki tupu. Humo ndimo lilimokuja kupanuliwa pori la akiba lililopewa jina la Selous, na katika miaka ya 1940 watu wengine wa Liwale wakahamishwa kwa sababu ya malale.

Wapo waliomkosoa Kjekshus kwamba aliipaka rangi nzuri mno nchi ya kabla ya ukoloni, kana kwamba hapakuwa na njaa wala maradhi. Nakubaliana nao. Hata hivyo kosa lake ni la mtu aliyethubutu kuvuka mpaka, nami nalipendelea kuliko usahihi wa yule asiyetoka uani kwake. Leo, tunapojadili Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyotangazwa mwaka 2019, au bwawa la umeme la Rufiji, mtu akizungumza kana kwamba pori lile halikuwahi kuwa na wenyewe, mimi hujua ni rafu ipi hakuifikia.

Neno kuhusu lugha. Vitabu vingi nilivyovitaja ni vya Kiingereza, ingawa masimulizi waliyoyategemea waandishi wake yalitolewa kwa lugha zetu. Husemwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi ya mazingira. Tunayo ikolojia, tunayo bayoanuwai, tunayo tabianchi. Na tangu zamani tunayo sotoka, malale na mbung'o, ambayo ni maneno ya watu waliofiwa na ng'ombe wao. Kinachopungua ni wahariri na, mtaniwia radhi kwa kuwa haya ni maumivu ya mkutubi, faharasa, ile orodha ya mwisho wa kitabu inayoonyesha kila jambo liko ukurasa gani. Vitabu vyetu vingi vya kitaaluma vya Kiswahili hutoka bila faharasa, ilhali kitabu kinachovuka taaluma huishi kwa faharasa yake, kwa kuwa mtu wa mifugo anayekifungua kitabu cha historia hana muda wa kukisoma chote ili aone kama ng'ombe wamo.

Mwaka mmoja kijana alikuja mezani kwangu akitafuta habari za mbung'o wa Rufiji. Nilimwelekeza kwenye tiba ya mifugo, akarudi mikono mitupu. Nikampeleka kwenye historia, akapata kurasa tatu. Jioni, nikiwa nafunga, ndipo nilipomkumbuka Kjekshus, aliyekuwa kwenye rafu ya uchumi ghorofa nyingine kabisa. Kijana alikuwa ameshaondoka. Kesho yake nilikaa na kadi za katalogi nikaanza kuandika, chini ya kila kichwa, «tazama pia». Zoezi hilo lilinichukua miezi, na mkuu wangu wa wakati huo aliliona kuwa ni kupoteza kadi.

Nakala za Kjekshus na Kinjeketile, pamoja na utenzi, ziko hapa mezani. Karibuni mzishike kabla Mwenyekiti hajafungua maswali. Na anayemtafuta mbung'o katika tamthilia, akimpata, aniambie ukurasa.