Ukumbi Unaoning'inia

REHEMA: Karibu tena, msikilizaji. Leo tuko Manchester, Uingereza. Kimawazo tu, maana nauli hatuna.

SHAABANI: Ningeipata, ningekwenda kuangalia ubao wa bei pale Royal Exchange.

REHEMA: Si ukumbi wa maigizo ule?

SHAABANI: Sasa ndiyo. Zamani lilikuwa soko la pamba. Siku ya mwisho ya biashara, mwaka 1968, bei zilizokuwa ubaoni hazikushushwa. Watu wanaosubiri mchezo uanze bado wanaziona kule juu.

REHEMA: Madalali wameondoka, bei wameziacha.

SHAABANI: Wakaacha na ukumbi mkubwa kupindukia. Walikuwa wakijaa humo kwa maelfu. Waigizaji nao wanataka mtazamaji awe karibu, aone hata kope zikicheza. Ungefanyaje?

REHEMA: Jukwaa katikati, viti kuzunguka, kazi imekwisha.

SHAABANI: Sakafu ingekusaliti, dada. Chumba cha maigizo walichobuni ndani ya ukumbi huo ni cha chuma na vioo, uzito wake kama tani 150. Sakafu ya zamani isingeuhimili.

REHEMA: Wakaimarisha sakafu?

SHAABANI: Wakakitundika! Kuna nguzo nne kubwa mno za jengo lenyewe, na chumba kimening'inizwa kwenye hizo. Wanaokaa chini ndio wako sakafuni. Wa ghorofa mbili za juu wanaelea.

REHEMA: Yaani nimelipa tiketi ili nitundikwe?

SHAABANI: Na unacheka huku umetundikwa. Kilifunguliwa 1976, na aliyekifungua ni Laurence Olivier, mwigizaji maarufu wa Uingereza. Kina pande saba, viti kama 700.

REHEMA: Mimi nawahurumia waigizaji. Jukwaa la katikati halina pa kujificha. Ukigeukia huku, kule umewapa watu kisogo. Ukuta wa kuchora nyumba au msitu huwezi kuusimamisha, utawaziba wengine. Umebaki na sakafu, taa na kiti kimoja.

SHAABANI: Ndiyo raha yake. Pale mwigizaji mvivu anajulikana dakika ya tano.

REHEMA: Ya tatu.

SHAABANI: Halafu Juni 1996 bomu la IRA, wapiganaji wa Ireland waliopinga utawala wa Uingereza, likalipuka hapo karibu. Jengo likaharibika vibaya, likafungwa hadi 1998.

REHEMA: Kundi la waigizaji likavunjika?

SHAABANI: Thubutu! Walihamia Castlefield, palepale mjini, wakaigiza ndani ya jengo la soko la zamani.

REHEMA: Soko tena?

SHAABANI: Soko tena. Hawa watu na masoko wana agano.

REHEMA: Basi siku nauli ikipatikana mimi nakaa chini, sakafuni. Kuelea sitaki.

SHAABANI: Chini mstari wa kwanza? Huko mwigizaji akipandwa na hasira, mate yote ni yako.

REHEMA: Afadhali mate.