Mechi ya 300 ya mzee wetu: kitambaa, rangi na upepo wa Mtwara

Wana Kuchele, mashabiki wa Ndanda FC ya Mtwara, hamjambo? Na ndugu zangu wa Lindi, Ruangwa, Masasi, Newala, shikamooni wakubwa, mambo vijana. Leo sitembezi kamera mtaani. Kuna ombi linajirudia: mashabiki wanataka kumfanyia kocha wao mkongwe sherehe akifikisha mechi kadhaa, kwa bango kubwa kama yanayoonekana kwenye majukwaa ya huku Ujerumani. Linawezekana, hata kwenye uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona. Pesa si kikwazo kikubwa. Yanayoharibu ni hesabu na upepo.

Tuanze na hesabu, maana hakuna aibu kama kuandika 300 halafu mtu wa timu pinzani akaja na daftari akawaonyesha ni 287. Amueni mapema mnahesabu nini. Kocha Pep Guardiola alipofikisha mechi 1,000 Novemba 2025, Manchester City yake ikiifunga Liverpool 3-0, ndani ya hiyo elfu kulikuwa na mechi 42 za Barcelona B, timu iliyokuwa daraja la nne Hispania. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu ilisemwa wazi. Nanyi vilevile: mechi za Ligi Daraja la Kwanza, lile ambalo tangu 2021 linaitwa Championship, zihesabiwe. Ndondo, bonanza na za kirafiki ziachwe. Siku alizokuwa kocha msaidizi ziachwe pia. Lakini mechi aliyokaa jukwaani kwa adhabu ni yake, maana timu ilikuwa yake. Mechi iliyoamuliwa kwa penalti iandikwe sare.

Kisha tarehe. Msing'ang'anie mechi yenyewe kama inaangukia ugenini. Kocha Arsène Wenger alifikisha mechi 1,000 na Arsenal Machi 22, 2014, ugenini kwa Chelsea, akapigwa 6-0. Sherehe gani hiyo? Manchester United walikuwa na akili zaidi: kocha wao Alex Ferguson alitimiza miaka 25 kazini Novemba 6, 2011, wao wakamshtukiza siku moja kabla, nyumbani, dhidi ya Sunderland, kwa jukwaa lililopewa jina lake. Chagueni mechi ya nyumbani iliyo karibu, na mzee asijue.

Sasa kitambaa, na hapa nitakaa kidogo. Chukueni marekani, ile nyeupe ya pamba. Satini inateleza mikononi na rangi ya maji haiishiki. Tuseme mnataka bango linalokaribia mita 8 kwa 6. Marekani ya upana wa mita 1.5 inahitaji vipande vinne vya mita 8, yaani mita 32. Nunueni 34, kwa sababu kitambaa kitarudi kikilowa na pindo zitakula zake. Msiruke hatua ya kukiloweka usiku mzima na kukisuuza kabla hakijaenda kwa fundi. Marekani mpya ina wanga, na rangi ikikaa juu ya wanga inabanduka vipandevipande siku mnapokunjua. Mmelipia rangi, mnaokota maganda.

Fundi akunje kingo mbili moja ndani ya nyingine na apige cherehani mara mbili. Mshono wa mstari mmoja unaachia katikati, pale pale usoni kwa mzee. Juu na chini aache pindo la sentimita 8 la kupitishia kamba ya nailoni. Katani inakwaruza viganja na ikilowa inakuwa nzito.

Picha haichorwi kwa macho. Chapisheni sura ya kocha kwenye karatasi, sentimita 16 kwa 12, mpige mistari ya kila sentimita moja. Kwenye kitambaa, kila mraba mmoja unakuwa sentimita 50. Pigeni mistari kwa uzi uliopakwa chaki, hamisheni mraba mmoja mmoja. Sura iwe ya rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe ya kitambaa chenyewe. Ukiwa mita 80, vivuli vya kijivu havionekani, vinageuka uchafu. Miwani, kofia, ndevu, hivyo ndivyo vinavyomtambulisha mtu kwa mbali.

Rangi ni ya maji, ya ukutani, vikombe viwili kwa kimoja cha maji. Ikiwa nyepesi zaidi inasambaa nje ya mstari, ikiwa nzito inapasuka mkikunja. Kopo la lita 4 jeusi linatosha kama nusu ya bango inabaki nyeupe. Tandikeni nailoni chini, la sivyo bango litaganda na sakafu. Likauke siku nzima kabla ya kukunja, na msimu wa mvua siku mbili.

Upepo sasa. Saa 10 jioni, wakati wa mechi, ndipo upepo wa bahari unapokuwa umekolea. Upepo wa mita 8 kwa sekunde ukilipiga bango hilo usoni, nguvu yake inakaribia kilo 190, magunia mawili ya korosho na ushee. Ndiyo maana mianzi miwili na vijana wawili haifai kabisa. Bango lilale kwa mteremko juu ya vichwa, lifuate jukwaa: mtu mmoja kila mita pembezoni, yaani 28, na wengine 10 katikati wa kulisukuma juu. Mistari ya matundu ambayo watu hukata eti upepo upite inachana kitambaa tu. Angalieni na jua. Likiwa nyuma yenu, mishono yote inaonekana na sura inapotea, kwa hiyo kaeni upande wa mashariki.

Uongozi wa klabu na meneja wa uwanja waambiwe mapema, ili jambo lizungumzwe kwenye kikao cha maandalizi ya mechi. Pelekeni picha ya bango. Lisiwe na tangazo la biashara wala siasa. Fataki na moshi acheni. Faini inakwenda kwa klabu, na moshi chini ya kitambaa chenye watu 38 ni hatari ya kweli.

Lipandisheni timu zikiwa zimejipanga, matarumbeta yakianza. Dakika moja inatosha. Lishuke kabla ya filimbi, maana walio chini yake wamelipa kiingilio na hawaoni kitu. Kama mtampa mzee jezi yenye namba ya mechi zake, atakayemkabidhi awe mchezaji wake wa zamani, si mheshimiwa. Mheshimiwa atahutubia.

Mwenye swali la vipimo aandike hapo chini, ataje upana wa kitambaa alichokikuta dukani.