Anzeni na Kiungo: Kujenga Antena Kubwa Angani

Wazee wetu, mama zetu, na ninyi vijana mliojaa mpaka mlangoni, asanteni kwa kuja. Mtu akiniuliza nimekuja kusema nini leo hapa Lubumbashi, namjibu kwa maneno matatu: anzeni na kiungo. Walionisikia zamani wanajua kwamba narudia. Nitarudia mpaka nimwone kijana wa mji huu akifungua Kerbal Space Program, ule mchezo wa kompyuta wa kuunda roketi na kuzirusha, akiingia karakana ya kuundia vyombo, na kitu cha kwanza anachokichagua ni mlango wa kuungia, yaani kile kiungo cha kushikanisha vyombo angani. Dishi litafuata.

Mchezo wenyewe mnaujua, sitapoteza muda kuueleza. Naanza na pingamizi, kwa sababu lipo na nimechoka kulisikia kwenye korido. Eti antena kubwa ni pambo tu. Eti RA-100 moja, dishi kubwa la mchezo la kupitishia mawasiliano, ina nguvu ya bilioni 100 kwa kipimo cha mchezo, inafika mpaka sayari ya mbali ya Eeloo, kwa hiyo anayejenga dude la madishi 16 anajisumbua bure.

Sikilizeni hesabu. Antena haizungumzi peke yake. Mchezo unachukua nguvu ya upande huu na nguvu ya upande ule, unazizidisha, kisha unatafuta kipeuo cha pili cha jibu. Hapo ndipo unapopata umbali kwa mita. RA-100 inafika Eeloo ikiwa inazungumza na kituo cha ardhini kilichopanuliwa mpaka ngazi ya mwisho, chenye nguvu ya bilioni 250. Lakini nani kati yenu anapeleka RA-100 kwenye kila chombo? Chombo chako kidogo kilichotua kwenye sayari ya Duna kimebeba antena ndogo ya DTS-M1, nguvu yake bilioni 2. Zidisha na kituo kile kikubwa, utapata kilomita milioni 22 na kidogo. Basi. Kerbin, sayari ya nyumbani mchezoni, na Duna zikiwa kila moja upande wake wa jua, umbali kati yake ni kama kilomita milioni 35. Chombo kinanyamaza kwa siku nyingi, nawe umekaa unangoja sayari zikaribiane tena. Weka RA-100 moja angani izungumze nacho badala ya kituo, mambo ni mabaya zaidi: kilomita milioni 14.

Sasa weka RA-100 kumi na sita kwenye chombo kimoja. Mchezo haukupi mara 16, usidanganywe. Unakata, unakupa mara 8. Yaani bilioni 800. Rudia hesabu na kile chombo cha Duna ambacho hukukiongezea hata msumari: kilomita milioni 40. Umbali haukinyamazishi tena mwaka mzima; kinachobaki ni pale Duna yenyewe inapokigeuzia upande wa pili, au muda mfupi jua linapokaa katikati na kuziba njia. Na si hicho peke yake. Kila chombo dhaifu ulichowahi kurusha, hata kile ulichokisahau, kinafaidika siku hiyohiyo. Unatia nguvu mahali pamoja, wanyonge wote wanasikika. Mtu akiita hilo pambo, mimi simwelewi.

Pingamizi la pili ni la wale wanaojua kidogo zaidi. Wanasema: RA-100 moja ina uzani wa tani 0.65, kumi na sita ni tani kumi na kitu, roketi moja inabeba. Ni kweli, inabeba uzani. Upana je? Hewa ya Kerbin inapanda mpaka kilomita 70. Tandaza madishi kwenye fremu yenye mikono minne, kisha uifunike; kichwa cha roketi kitakuwa kipana kuliko kiwiliwili mara nyingi, na hewa itakipindua kabla hujafika kilomita 10. Ndiyo maana tunagawa: kitovu peke yake, halafu mikono minne, kila mkono na madishi yake manne. Safari tano. Kila safari ni roketi ya kawaida kabisa.

Tena tusijifanye kwamba kujenga kwa vipande vinavyofanana ni wazo geni kwetu. Mwaka 1977, mkoa huu ukiitwa Shaba, kampuni ya Wajerumani iitwayo OTRAG ilirusha roketi kaskazini ya hapa. Roketi zao zilikuwa mirija tu, kila mrija na tangi lake na injini yake. Ukitaka nguvu zaidi, unafunga mirija mingi zaidi pamoja. Mwezi wa sita mwaka 1978 moja ilianguka Rais Mobutu mwenyewe akiangalia, na mwaka 1979 wakaondolewa. Mkataba wao ulikuwa wa aibu, waliachiwa eneo la kilomita za mraba kama 100,000, na wenyeji hakuna aliyewauliza. Hilo nalikasirikia hadi leo. Lakini mirija ile, kama ufundi, vijana wa ufundi wa mji huu wanapaswa kuijua, maana ilirushwa kutoka kwenye udongo wao.

Turudi kwenye kiungo. Nitakaa hapa, mnivumilie.

Chombo katika mchezo huu kimeundwa kama mti: kila kipande kina mzazi mmoja, na kati ya kipande na mzazi wake kuna kiungo ambacho kompyuta inakihesabu kama springi. Springi moja haina neno. Springi ishirini zikifuatana kwenye mkono mrefu, huku tani mbili na nusu za madishi ziko mwishoni, ni jambo jingine. Unabonyeza kugeuza chombo, kitovu kinageuka, mkono unachelewa, kisha unavuta, kitovu kinasahihisha, mkono unavuta tena kwa nguvu zaidi. Unaona mtikisiko unakua mbele ya macho yako mpaka fremu inapasuka, na wachezaji wanasema Kraken, zimwi la mchezo huu linalovunja vyombo, amepita. Kraken hakupita! Ni kiungo chembamba kilichopewa kazi ya kiungo kinene. Mlango mdogo wa Junior ni wa vyombo vidogo. Mkono wa antena unataka ule mkubwa, Clamp-O-Tron Senior. Kama huna, basi weka milango miwili ya kawaida ubavu kwa ubavu, ishike yote miwili kwa pamoja. Hapo mkono hauna namna ya kujizungusha kwenye kiungo chake.

Mtasema: milango miwili haishiki, mmoja unashika na mwingine unabaki wazi. Inashika, ikiwa nafasi kati yake ni ileile pande zote mbili, bila tofauti hata ndogo. Na namna ya kupata nafasi ileile ni moja. Jengeni antena nzima karakanani, kitovu na mikono yote minne, mkiangalia kila mlango unatazamana na mwenzake sawasawa. Kisha ng'oeni mkono mmoja mmoja na kuuhifadhi kama chombo chake. Karakana itaunga mlango mmoja tu katika kila jozi, kwa sababu mti haukubali mzazi wa pili. Msishtuke. Kule juu yote miwili itanasa. Anayejenga kitovu leo, na mkono wiki ijayo kwa kukadiria kwa macho, anajitafutia machozi.

Na kama mnadhani haya ni mambo ya mchezo tu, nataka mjue kilichotokea mwaka 1979 kwenye kituo cha angani cha Wasovieti, Salyut 6. Waliletewa antena ya redio iitwayo KRT-10, kipenyo chake mita 10. Ilikuja kwa vipande ndani ya chombo cha mizigo, Progress 7. Vladimir Lyakhov na Valery Ryumin wakaiunganisha kwa mikono yao wenyewe, ndani ya kituo, kwenye mlango wa nyuma. Progress ilipojitenga mwezi wa saba, antena ikafunguka nje, na kamera ya Progress ikaonyesha inavyofunguka. Ikafanya kazi pamoja na dishi la mita 70 lililoko Yevpatoria, Crimea. Hadi hapo ni ushindi.

Tarehe 9 mwezi wa nane walitaka kuiachia iende zake. Ikakataa. Wavu wake ulinasa nyuma ya kituo, palepale penye mlango. Na mlango huo ndio uliopokea vyombo vya mizigo. Ukizibwa, kituo kinakosa mafuta na chakula. Watu hawa wawili walikuwa angani tangu mwezi wa pili, wamechoka, wamebakiza siku chache warudi nyumbani. Tarehe 15 wakavaa mavazi ya nje, Ryumin akatambaa mpaka nyuma ya kituo, akakata waya zilizonasa, akaisukuma antena ikaenda. Wakatua tarehe 19, baada ya siku 175.

Dishi la mita 10 lilifunguka vizuri. Kilichoweka kituo kizima hatarini ni pale liliposhikana na kituo, na namna ya kuachana nacho. Kwa hiyo naomba kila mkono wa antena yenu uwe na njia ya kutoka. Mlango mnaouunga muweze kuufungua tena, na pembeni yake pasiwe na paneli wala waya unaochomoza.

Wengine watanirudishia: basi tutumie antena inayojikunja, tuifungue juu, tuepuke viungo. Galileo, chombo cha Wamarekani kisicho na watu, ilitumwa Jupiter mwaka 1989 na antena ya mita 4.8 iliyokunjwa kama mwavuli, mbavu 18. Mwezi wa nne mwaka 1991 wakaamuru ifunguke, mbavu kadhaa zikakwama, na haikufunguka tena kamwe. Kazi yote ya Jupiter ikapitia antena ndogo ya akiba. Kila ubavu ulikuwa kiungo, na hakukuwa na mtu wa kwenda kuvikwamua. Darubini ya angani ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2021 na kioo chake cha mita 6.5 cha vipande 18, ilifunguka salama kwa sababu watu walitumia miaka mingi kujaribu kila bawaba ardhini. Kukunja hakukuondolei viungo.

Naonyeshwa saa. Haya yaliyobaki nayapitisha haraka.

Kukutana angani: mzingo wa kilomita 100 unakwenda mita 2,246 kwa sekunde, lakini kasi inayokuhusu ni ile kati ya mkono na kitovu. Mita chache za mwisho ziwe chini ya nusu mita kwa sekunde, sumaku ya mlango imalizie. Zimeni magurudumu ya kugeuza kwenye mikono yote mara tu ikishaungwa, yabaki ya kitovu peke yake, na amri itoke kitovuni. Autostrut, yaani mihimili isiyoonekana ya mchezo, iwasheni kwenye vipande vya mwisho vya kila mkono. Paneli za jua ziwekwe kitovuni pande zote mbili, na betri za kutosha, kwa sababu chombo kisicho na umeme hakiongozeki, na kivuli cha Kerbin kitakufikia tu. Mahali pa kuipandisha ikishakamilika ni juu, mbali na sayari, si kilomita 100 ambako Kerbin inaziba sehemu kubwa ya anga. Sukumeni polepole, injini dhaifu, iliyo kitovuni kwenye mstari wa uzani.

Kuhusu mods, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji, na antena za sayari ya Jool sitafika leo. Maswali. Tuanze na dada aliye karibu na dirisha, ameinua mkono tangu niliposema Duna.