Ghala la Mwili: Mhadhara kwa Wanaohamia Mlo wa Mimea Tupu

Ndugu zangu, habari za jioni. Ahsanteni kwa kuja, na ahsanteni zaidi mliokubali kukaa viti vya mbele, ambavyo kwa kawaida huogopwa kama kiti cha daktari wa meno.

Nianze na swali. Nani humu ameacha nyama, samaki, maziwa na mayai, vyote kwa pamoja? Haya, naona mikono. Na kati yenu, nani bado hajatimiza mwaka? Mikono karibu yote imebaki juu. Mnajisikiaje? "Mwepesi." "Safi kabisa." Yule kaka anasema hajawahi kulala vizuri namna hii. Nawaamini. Ila jioni hii nataka kuwaeleza kwa nini majibu hayo, ingawa ni ya kweli, hayaniambii lolote kuhusu sahani zenu.

Mwili hauishi kwa chakula cha leo peke yake. Una ghala. Mtu aliyeacha nyama miezi sita iliyopita, kwa baadhi ya mambo, bado anaila nyama ya mwaka juzi. Na maghala hayo hayalingani: kuna linalokauka ndani ya wiki kadhaa, kuna la miezi, na kuna la miaka. Kwa hiyo sitawapangia virutubishi kwa umaarufu wake. Nitaanza na ghala linalodanganya kwa muda mrefu kuliko yote.

Hilo ni la vitamini B12.

Novemba 1944, nchini Uingereza, Donald Watson na wenzake wachache walianzisha The Vegan Society na kubuni neno lenyewe, "vegan", yaani mla mimea tupu. Sasa angalieni tarehe. Vitamini B12 ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, katika maabara za Marekani na Uingereza. Umbo lake la kikemia alilifumbua Dorothy Hodgkin mwaka 1956, na kazi zake za aina hiyo zikampatia Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1964. Maana yake, waasisi wa mlo huu waliuanza wakikosa kitu ambacho hakuna binadamu aliyekuwa amekitia mkononi. Hawakuwa wazembe. Sisi ndio hatuna udhuru.

B12 haitengenezwi na mmea, wala haitengenezwi na mnyama. Hutengenezwa na bakteria. Ng'ombe anayo kwa sababu bakteria wa tumboni mwake humtengenezea. Hata sisi tunao bakteria wa aina hiyo, lakini wengi wanaishi kwenye utumbo mpana, ilhali B12 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba, kabla ya kufika huko. Tuna kiwanda, tatizo kimejengwa karibu na mlango wa kutokea.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, kiasi ambacho jicho hukiona kwa shida. Ini la mtu aliyekuwa akila vyakula vya wanyama huhifadhi maelfu ya mikrogramu. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa miaka miwili, mitatu, hata zaidi, akiwaambia rafiki zake kwamba habari za B12 ni vitisho tu. Halafu vidole vya miguu vinaanza kufa ganzi. Ulimi unauma. Uchovu hauishi hata baada ya kulala. Kumbukumbu inayumba, na mwendo nao unayumba.

Na kuna mtego juu ya mtego. Mlo wa mimea umejaa foleti, yaani vitamini B9, kutoka kwenye mboga za majani na jamii ya kunde. Foleti nyingi inaweza kuifanya damu ionekane haina shida, wakati neva zinaendelea kuumia kimyakimya. Upungufu wa damu hutibika vizuri. Neva zilizoachwa zikiumia kwa muda mrefu huenda zisirudi zilivyokuwa. Ndiyo maana nikikutana na mla mimea wa miaka mingi, sianzi na swali la protini. Namuuliza: B12 unaipata wapi?

Majibu ninayopewa nayajua kwa moyo. Wa kwanza ataniambia spirulina, ule unga wa kijani wa viumbe wadogo wa majini. Wa pili atasema mwani, wa tatu soya iliyochachushwa, na wa nne mboga zenye vumbi kidogo la shambani. Kilichomo kwa wingi kwenye spirulina ni kitu kinachofanana na B12, ambacho mwili wetu hauwezi kukitumia. Ni ufunguo unaoingia kwenye kitasa lakini hauzunguki. Hivyo vingine havitegemeki, leo vinayo, kesho hamna. Na kuhusu vumbi, jamani, osheni mboga zenu.

Njia za uhakika ni mbili tu: vyakula vilivyoongezewa B12 kiwandani, au kidonge. Hapa kuna hesabu inayowachanganya watu, nami nataka tuielewe badala ya kuikariri. Kuna mlango maalumu wa kuipitisha B12 kwenye utumbo, na mlango huo hupitisha takriban mikrogramu mbili kwa mara moja, kisha huchoka kwa saa kadhaa. Inayobaki hupenya yenyewe, kama asilimia moja tu. Kwa hiyo ukiipata kidogo kidogo, vyakula vilivyoongezewa mara mbili au tatu kwa siku, mikrogramu tatu kwa jumla zinatosha. Ukiipata mara moja kwa siku, kidonge kiwe na mikrogramu 10 au zaidi. Ukiimeza mara moja kwa wiki, zinatakiwa 2,000. Mtu akiona 2,000 anadhani ni sumu. Hapana, nyingi hazitafyonzwa, zitatoka na choo. Na wewe unayetumia metformini kwa ajili ya kisukari, au dawa za kupunguza asidi tumboni kwa muda mrefu, wewe ujali maradufu, maana dawa hizo nazo hupunguza ufyonzwaji wa B12.

Nimekaa sana hapo, na nimekusudia. Twende kwenye mifupa.

Ghala la kalsiamu lina tabia mbaya kuliko la B12, kwa sababu halitoi hata ganzi. Moyo na misuli vinahitaji kalsiamu ya kiwango kilekile kwenye damu saa zote. Usipoila, mwili unakwenda kukopa kwenye mfupa, na hauweki kumbukumbu ya deni. Ukipima kalsiamu kwenye damu, majibu yanarudi mazuri. Bila shaka ni mazuri, mfupa ndio unaolipa!

Uingereza kuna utafiti mkubwa uitwao EPIC-Oxford, uliofuatilia makumi ya maelfu ya watu, wanaokula nyama na wasiokula, kwa miaka mingi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba wala mimea tupu walivunjika mifupa zaidi kuliko wala nyama, na kwa nyonga hatari ilikuwa zaidi ya mara mbili. Matokeo ya awali ya utafiti huohuo, ya mwaka 2007, yalikuwa yameonyesha kwamba wala mimea tupu waliokuwa wakipata kalsiamu ya kutosha, walau miligramu 525 kwa siku, hawakutofautiana na wala nyama. Kwa hiyo tusikimbilie kuulaumu mlo wote. Uzito wa mwili, protini na kalsiamu vyote vina mkono wake hapo.

Watu wazima wengi hushauriwa kupata miligramu 700 hadi 1,000 kwa siku. Mimea inayo, ila si kila jani ni mkweli. Spinachi ina kalsiamu nyingi kwenye karatasi, lakini imefungwa na oksalati, kemikali ya asili ya jani lenyewe, na tunafyonza kama asilimia tano tu. Sukuma wiki, brokoli na kabichi za Kichina zina oksalati kidogo, na kalsiamu yake hufyonzwa vizuri hata kuliko ya maziwa. Tofu, ile jibini ya soya, iliyogandishwa kwa chumvi ya kalsiamu ni hazina. Maziwa ya soya yaliyoongezewa kalsiamu pia, ila tikiseni boksi! Kalsiamu hutuama chini, na mtu anaweza kumimina vikombe vitatu vya maji meupe, kisha akatupa ile kalsiamu pamoja na boksi.

Vitamini D ndiyo inayoifungulia kalsiamu mlango. Jua linatosha kwa wengine na haliwatoshi wengine, ikitegemea ngozi, mavazi, na unapoishi. Mnaonunua vidonge mjue kwamba D3 ya kawaida hutolewa kwenye mafuta ya sufu ya kondoo. Ipo ya kuvu-mwani, ile inayoota kwenye magome na mawe, na ipo aina nyingine, D2, isiyotokana na mnyama.

Sasa chuma. Ghala lake ni la miezi, na kwa mwanamke anayepata hedhi ni fupi zaidi. Chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida kuliko cha nyama, lakini kina sifa moja nzuri: kinasikiliza unachokila nacho. Ukikamulia limau kwenye dengu, au ukala nyanya mbichi na pilipili hoho, vitamini C itauinua ufyonzwaji wake mara kadhaa. Ukiteremshia dengu hizohizo kwa kikombe cha chai, unaweza kupoteza zaidi ya nusu ya chuma ambacho ungekipata. Kahawa vilevile. Siwaambii muache chai, nisije nikapigwa humu ndani. Nawaambia isubiri saa moja baada ya chakula.

Kuloweka kunde na nafaka, kuziotesha, au kuchachusha unga kabla ya kuoka, vyote hupunguza fitati, ile asidi inayoshikilia chuma na zinki zisifyonzwe. Bibi zetu walifanya haya bila kujua neno fitati. Lakini msinunue vidonge vya chuma kwa sababu tu mmehamia kwenye mimea. Pimeni kwanza feritini, ambayo ndiyo kipimo cha ghala lenyewe. Chuma kikizidi nacho hudhuru.

Madini ya iodini nitayapitia haraka. Wengi wanaoacha maziwa na samaki huacha na iodini bila kujua, halafu hukamilisha kosa kwa kubadili chumvi ya kawaida yenye iodini na kununua ile ya waridi inayopendeza kwenye picha. Unahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Chumvi yenye iodini, ya kiasi, inatosha. Mwani wa kahawia wakati mwingine unayo nyingi kupita kiasi, mpaka tezi ya shingo inavurugika.

Omega-3, yale mafuta ambayo wengi huyafuata kwa samaki: kijiko cha chakula cha mbegu za kitani zilizosagwa kwa siku. Zilizosagwa, maana nzima zitapita kama zilivyoingia. Mwili hubadilisha sehemu ndogo tu ya mafuta hayo kuwa yale ya aina ya samaki, hivyo mjamzito na anayenyonyesha wazungumze na mtaalamu kuhusu mafuta ya mwani mdogo. Samaki mwenyewe huyapata huko.

Nimeiacha protini hadi sasa, ingawa ndilo swali mnaloulizwa kwenye kila sherehe. Haina ghala la kweli. Ukiikosa, mwili unakula misuli. Lakini ni rahisi. Gramu moja kwa kila kilo ya uzito wako, kwa siku, ni lengo zuri. Kikombe cha dengu zilizopikwa kina kama gramu 18. Nafaka zina uhaba wa asidi amino iitwayo laisini, na kunde zinayo tele. Si lazima vikutane kwenye sahani moja, vikutane tu ndani ya siku. Anayeishi kwa matunda na saladi ndiye atakayeumia.

Mimi mwenyewe nilipoanza sikuumizwa na protini, niliumizwa na sahani. Nilikuwa nakula ujazo uleule niliouzoea, nikisifiwa kwa kupungua, mpaka mkanda ukaishiwa matundu na ngazi za ghorofa ya pili zikaanza kunishinda. Mboga zina maji na nyuzinyuzi, tumbo linajaa kabla nguvu hazijatimia. Dawa yake ilikuwa karanga, siagi ya karanga, parachichi, na mafuta kidogo zaidi kwenye sufuria. Mtoto mdogo mwenye tumbo dogo hupatwa na tatizo hilihili, kwa kasi zaidi.

Na kwa kuwa nimetaja watoto: wataalamu hawajaongea kwa sauti moja. Mwaka 2016 chama cha wataalamu wa lishe cha Marekani kilisema mlo wa mimea tupu uliopangwa vizuri unafaa katika kila hatua ya maisha. Mwaka huohuo, chama cha lishe cha Ujerumani kilisema hakiupendekezi kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto. Mimi husoma kauli zote mbili kwa kulikazia neno "uliopangwa". Mtu mzima akikosea, ghala lake litampa muda wa kujirekebisha. Mtoto mchanga anayenyonya kwa mama asiye na B12 hana ghala. Huyo anaweza kuumia ubongo ndani ya miezi. Kwa hiyo mama asihame bila daktari.

Vilevile anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asirundike mboga za majani ghafla, kwa sababu vitamini K iliyomo hupingana na dawa hiyo. Na mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kuhusu potasiamu.

Kwa waliobaki: nunueni B12 wiki hiihii ya kwanza, hata kabla ya maziwa ya soya. Pimeni damu sasa, B12, feritini na vitamini D, ili mwakani muwe na cha kulinganisha. Kunde ongezeni taratibu, mziloweke usiku na kumwaga maji yake, la sivyo mtagombana na mnaolala nao chumba kimoja.

Sasa maswali. Tuanze na dada wa pale kushoto, ambaye hajashusha mkono tangu nilipoitaja chai.